Saiba Isiyo na Jina Pale Majengo, Nilikompeleka Binti wa Ami Kuombea Chuo

Duka ninalolitathmini hapa ni saiba, yaani duka la kompyuta na intaneti, na halina jina. Juu ya mlango pana kibao cha mbao kilichopakwa rangi ya samawati, na kilichoandikwa juu yake ni kazi zinazofanywa ndani tu: fotokopi, kupiga chapa, picha za pasipoti, lamineshoni, KRA (mambo ya kodi), HELB (mikopo ya wanafunzi), fomu za chuo. Wenyeji husema "pale kwa fotokopi" na kila mtu huelewa. Liko Majengo, Mombasa, katika kichochoro kinachoingilia kutoka Barabara ya Jomo Kenyatta ukiwa umeipa Mwembe Tayari mgongo na unaelekea Makupa. Kushoto kwake yuko fundi wa cherehani, na kulia yuko muuza njugu na kashata, ambaye nitamrejelea kwa sababu ana sehemu katika lalamiko langu kubwa. Chumba chenyewe ni kidogo kiasi kwamba mteja wa tatu hulazimika kusimama kizingitini. Kuna kompyuta nne, moja ikiwa imefunikwa kanga tangu siku ya kwanza nilipofika, printa mbili, na feni inayozunguka kwa kujivuta kama mtu aliyefunga inapofika saa tisa alasiri.

Katika mwaka 2025 nimekwenda hapo mara nne, na mara zote nilikuwa nikimsindikiza binti wa ami yangu, aliyefanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mwaka 2024 na kupata alama za kumwingiza chuo kikuu. Baba yake ni mvuvi wa Likoni, mama yake hukaanga viazi karai jioni mbele ya nyumba, na hakuna kati yao aliyefika sekondari. Yeye ndiye wa kwanza nyumbani kwao kwenda chuo kikuu. Mimi nilikuwa wa kwanza nyumbani kwetu mwaka 2016, kwa hiyo kipimo ninachokitumia kuipima saiba hii ni yale yaliyonipata mimi wakati huo katika saiba nyingine, ambayo sitaitaja.

Mwaka ule nilikwenda peke yangu, kwa sababu baba alikuwa na mzigo wa kupakua soko la Kongowea na mama hakuona atanisaidia nini. Kijana aliyekuwa zamu aliniuliza maswali kwa haraka huku akizungumza na simu, akafungua akaunti yangu ya mkopo kwa barua pepe yake mwenyewe na nambari ya simu yake mwenyewe, akaitunga namba ya siri akaiweka kichwani, kisha akanitoza shilingi mia tano. Penye kazi ya mzazi aliandika "mfanyabiashara", ingawa nilimwambia wazi kuwa baba ni hamali, na penye mapato aliweka kiasi alichokibuni kwa sababu kisanduku kilikataa kuachwa wazi. Miezi sita baadaye nilihitaji kuingia katika akaunti ile, nikarudi, nikaambiwa kijana amekwenda Qatar kufanya kazi. Alikuwa amekwenda na namba yangu ya siri. Ilinichukua safari tatu za kupanga foleni ofisini hadi nikarejeshewa akaunti yangu, na mkopo niliopewa mwaka huo ulikuwa shilingi 40,000, wakati kiwango cha juu kilikuwa 60,000. Sitaapa kwamba neno "mfanyabiashara" ndilo lililonipunja, lakini halikunisaidia.

Nimeyasimulia hayo ili msomaji aelewe kwa nini jambo la kwanza nililolisifu pale Majengo ni daftari la shilingi ishirini. Mwenye saiba, mtu wa makamo aliyenyamaza zaidi ya alivyozungumza, hakubali kuanza ombi lolote kabla mwanafunzi hajawa na barua pepe yake na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake au la mzazi. Kisha humsukumia mwanafunzi kibodi, humwambia aitunge namba ya siri mwenyewe na aiandike kwa mkono wake kwenye daftari, naye hugeuka ukutani mpaka aambiwe kazi imekwisha. Binti wa ami alidhani ni mzaha. Alipochelewa kidogo, mzee yule alisema bila kugeuka, "Chukua wakati wako, mwanangu, hii utaitumia miaka minne na zaidi." Kila hatua ya ombi alimwacha abofye mwenyewe, yeye akisimama nyuma na kuelekeza kwa ncha ya biro. Kazi hiyo ilichukua saa nzima ambayo kijana wa zamani angeimaliza kwa dakika kumi na tano, na wateja waliokuwa nyuma yetu walinung'unika, lakini tulipotoka msichana alijua alichokiomba na alijua njia ya kurudi kukiona.

Kwa wasioifahamu kazi hii, huduma yenyewe ina sehemu mbili. Kwanza ni ombi la nafasi ya masomo kupitia KUCCPS, chombo kilichoundwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 kuchukua mahali pa bodi ya zamani ya udahili, JAB, ambalo ada yake ni shilingi 1,500 zinazolipwa serikalini kwa njia ya eCitizen. Pili ni ombi la ufadhili na mkopo, ambapo Hazina ya Vyuo Vikuu hutoa ufadhili usiolipwa na HELB, bodi iliyoanzishwa mwaka 1995, hutoa mkopo. Yote mawili yanaweza kufanywa kwa simu ukiwa umeketi kitandani. Katika nyumba ambayo baba au dada mkubwa amepitia chuo, hufanywa hivyo hasa, baada ya chakula cha usiku, na mtu mmoja mezani anajua klasta (kundi la masomo ambalo alama zake hutazamwa kwa kila kozi) ni nini, anajua kuwa slipu ya matokeo si cheti, na anajua ni kisanduku gani ambacho ukikosea hakirekebishiki. Marekani mwanafunzi asiye na mtu wa namna hiyo ana jina rasmi: sheria ya elimu ya juu ya huko, tangu marekebisho ya mwaka 1980, inamtambua yule ambaye wazazi wake hawakupata shahada ya kwanza, na ipo miradi ya serikali, inayojulikana kwa jina la TRIO, ya kumshika mkono. Hapa kwetu anayemshika mkono ni mwenye fotokopi, kwa shilingi mia tatu.

Mara ya pili tulikwenda na mke wa ami, kwa sababu fomu ya ufadhili ilihitaji maelezo ya nyumbani, na hapo ndipo nilipoona kazi ambayo sijaiona kwingine. Mfumo ulioanza mwaka 2023 uliiondoa karo ya zamani ya shilingi 16,000 kwa mwaka ambayo mimi niliilipa, na sasa gharama ya kozi nzima hugawanywa kati ya ufadhili, mkopo na mchango wa nyumbani kulingana na bendi ambayo familia imepangwa. Walio bendi ya kwanza, yaani wenye uhitaji mkubwa kabisa, hupewa ufadhili wa asilimia 70 na mkopo wa asilimia 25, na nyumbani hutoa asilimia 5. Walio bendi ya tano hutakiwa kutoa asilimia 40 kutoka mfukoni. Hata fedha za matumizi hupungua bendi inapopanda, kutoka shilingi 60,000 kwa mwaka hadi 40,000. Kwa hiyo kisanduku cha mapato si cha kujazwa kwa kubahatisha. Tatizo ni kwamba mtu anayekaanga viazi hana mshahara wa mwezi, na akiulizwa "unapata kiasi gani?" hujibu neno moja la Kiislamu na kunyamaza: alhamdulillahi.

Mwenye saiba hakuridhika na alhamdulillahi. Alichukua karatasi iliyoharibika printani, akaigeuza upande mweupe.

"Mama, siku ya kawaida wakaanga kilo ngapi?"

"Kumi. Ijumaa huzidi."

"Kilo ni pesa ngapi?"

"Mia. Ikipanda, mia na ishirini."

"Mafuta?"

"Lita moja na nusu kwa siku, nikiyatumia kwa hesabu."

"Na mvua ikinyesha?"

"Sikaangi. Nitakaanga nani ale?"

"Ramadhani je?"

Hapo mke wa ami alicheka kwa mara ya kwanza tangu tuingie. "Ramadhani ndiyo biashara yenyewe, mwanangu."

Mwenye saiba aliandika yote. Viazi shilingi 1,000, mafuta 450, unga, makaa na ukwaju 350, jumla 1,800, mauzo 2,400, kinachobaki 600 kwa siku. Akaondoa siku za mvua, siku za ugonjwa na siku za harusi na matanga, akabakisha siku ishirini na mbili kwa mwezi. Halafu akamgeukia mvuvi asiyekuwapo: kaskazi ikivuma ami huingiza kiasi gani, na kusi likianza, bahari inapochafuka, hushuka baharini mara ngapi kwa wiki? Alitafuta wastani wa misimu miwili, akazitoa gharama za petroli ya mashine na fungu la mwenye chombo, na mwishowe akamsomea mke wa ami jumla hiyo polepole, mara mbili, akamwuliza kama anaikubali kabla haijaandikwa. Mama wa watu aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Ameifanya biashara hiyo kwa miaka kumi na minne na hakuwahi kuiona imeandikwa. Aliiomba, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na vyeti vya kuzaliwa.

Binti alipangwa bendi ya pili. Siwezi kudai kuwa karatasi ile ndiyo iliyoamua, maana kipimo kinaangalia mengi, pamoja na idadi ya watoto wanaosoma na eneo wanakotoka. Ninachoweza kusema ni kwamba kila kilichoandikwa kilikuwa kweli, na laiti tungeulizwa tungeweza kukitetea.

Sehemu ya mkopo ilikuwa na ugumu wa namna nyingine, ambao watu wa mtaa wetu wataufahamu mara moja. Ami aliposikia neno "riba" alisimamisha kila kitu. Nimewahi kuona saiba ambazo hukwepa swali hilo kwa kusema "hiyo ni ya serikali, mzee, weka sahihi tu". Huyu hakukwepa. Alieleza kuwa mkopo wa HELB kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, kuwa deni huanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, kuwa asiyelipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi, na kuwa deni ni la mtoto. Kisha akasema fomu itahifadhika ilivyo, nendeni mkashauriane na mnayemwamini, mrudi kabla ya siku ya mwisho. Tuliporudi hakututoza tena. Walichokiamua ni chao na sitakiandika hapa.

Jambo hilo hilo la kusema ukweli bila kuupaka sukari lilionekana katika habari za mahakama. Mwezi Desemba 2024 Mahakama Kuu ilikuwa imeutangaza mfumo huu wa bendi kuwa kinyume cha Katiba, na baadaye Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo, kwa hiyo mitaani palikuwa na kila aina ya uvumi: kwamba ufadhili umefutwa, kwamba hakuna haja ya kujaza kitu, kwamba karo imerudi ile ya zamani. Kila aliyeingia na uvumi wake alipewa jibu moja, kwamba kesi inaendelea na fomu inaendelea, na kwamba asiyejaza hatapangwa popote. Jibu hilo lilikuwa fupi na sahihi.

Kuhusu stakabadhi nitapita haraka. Cheti cha kuzaliwa cha binti kina herufi moja tofauti na slipu ya KCSE, "i" penye "e", na mwenye saiba aliliona kosa hilo kabla ya mfumo kulikataa, akatuelekeza kwa wakili wa kuapisha aliye karibu na Mahakama badala ya kuturuhusu kuendelea tukitumaini mema. Fotokopi ni shilingi tano, kuchapisha kumi, kuskani ishirini kwa karatasi, picha nne za pasipoti mia moja na hamsini. Bei hizo zimebandikwa. Bei ya kujaza fomu haikubandikwa, na nitalirudia hilo.

Kabla ya kufika kwenye kasoro, lazima niitaje karatasi ya ukutani, maana ni kitu kimoja ambacho ningependa kukiona katika kila saiba kutoka Likoni hadi Mtwapa. Iko juu ya printa kubwa, imebandikwa kwa gundi na pembe zake zimejikunja kwa joto. Imeandikwa kwa biro za rangi mbalimbali na miandiko mbalimbali, kwa sababu kila mwanafunzi aliyesaidiwa hapo akirudi likizo huruhusiwa kuongeza neno moja la chuo pamoja na maana yake. Nilinakili machache. "Yuniti: somo moja. Ukisahau kuisajili umeisoma bure." "Sapu: mtihani wa kurudia, si aibu, ila uulize tarehe." "Kuditheri: kuahirisha mwaka kwa ruhusa. Usikimbie tu nyumbani." Neno hilo la mwisho mtu mwingine amelikata kwa mstari na kuandika "kudifa", na mtu wa tatu ameandika kando, "vyovyote, muone dini", kisha ikaongezwa kwa wino mwekundu, "dini ni mkuu wa kitivo, si sheikh". Nilicheka peke yangu, lakini mwaka 2016 mimi pia nilitafuta ofisi ya dini nikidhani ni ya mambo ya ibada. Mwenzangu wa bweni, ambaye mama yake alikuwa mhadhiri, hakuhitaji karatasi ya namna hiyo. Alikuwa ameyanyonya maneno hayo pamoja na maziwa.

Sasa kasoro, na ya kwanza ndiyo kubwa kwa maoni yangu ingawa wengine hawataiona kuwa ni kasoro. Mwenye saiba anajua kujaza fomu, lakini hajui kuchagua kozi, na hajui kuwa hajui. Binti wa ami alitaka sayansi ya bahari. Amekua akiwatenganisha samaki wa baba yake, anawajua changu, tafi, kolekole na nguru kwa majina na kwa misimu, na pointi zake za klasta, ambazo huhesabiwa kati ya 48, zilimtosha. Mzee yule alitikisa kichwa. "Mwanangu, ualimu hauna njaa. Hiyo ya samaki utaajiriwa na nani?" Alisema hivyo kwa upole, kwa sauti ile ile aliyoitumia kuhesabu viazi, na ndiyo maana ilikuwa hatari: kufikia hapo mke wa ami alikuwa amekwisha kumwamini, akaanza naye kusema ualimu ni mzuri, hata chifu binti yake ni mwalimu. Katika nyumba zetu kazi za wasomi zinazojulikana ni mwalimu, daktari, wakili na askari wa cheo. Nyingine zote ni majina tu. Ilibidi niseme, kwa adabu kwa kuwa ni mtu mzima kwangu, kwamba taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi ina makao yake makuu Mkomani, ng'ambo ya maji tu kutoka Mji wa Kale, na kwamba wapo watu wanaoingia mle kila asubuhi wakiwa na shahada za samaki. Ami amepita mbele ya jengo lile kwa mashua kwa miaka mingi, na hakuna aliyewahi kumwambia kinachofanyika ndani. Binti alichagua alichokitaka, akapata nafasi Kilifi, Chuo Kikuu cha Pwani. Lakini mwanafunzi aliyekuwa kwenye kompyuta ya pili siku hiyo hakuwa na wa kumsemea, na nilimwona akifuta alichokiandika.

Haki inanilazimu kuongeza kwamba mzee yule hakuchukia. Tuliporudi mara ya tatu aliniuliza jina kamili la taasisi ile, akaliandika nyuma ya kalenda.

Kasoro ya pili ni ile bei isiyobandikwa. Siku za kawaida kujaza ombi la nafasi ni shilingi mia tatu na la ufadhili ni mia tano. Jirani yetu aliyechelewa akaenda jioni ya mwisho kabla lango la maombi kufungwa alitozwa mia tano kwa ombi la kwanza na mia nane kwa la pili, akaambiwa kwamba mtandao uko polepole na kazi ni ya usiku. Huenda ni kweli kwamba kazi ya usiku ina gharama yake, lakini anayechelewa mara nyingi si mzembe. Ni yule aliyekuwa akizitafuta hizo shilingi 1,500 za ada tangu Januari. Bei ibandikwe, ya mchana na ya usiku, mtu ajue.

Ya tatu inahusu njugu. Siku ya pili, tukisubiri zamu yetu, nilinunua njugu za shilingi ishirini kwa jirani wa kulia, zikiwa zimefungwa kwenye kikaratasi cha pembe kama kawaida. Nilipokifungua kikaratasi nilikuta nusu ya fotokopi ya kitambulisho: uso wa mwanamke wa makamo, nambari kamili, tarehe ya kuzaliwa, sahihi. Ilikuwa nakala iliyoharibika kwa wino. Kumbe karatasi zote zinazoharibika hapo hupelekwa kwa muuza njugu kwa hisani ya ujirani. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, lakini hata bila sheria mtu anajua kuwa kitambulisho cha mzazi wa mtu hakifungiwi njugu, hasa mji huu ambako laini za simu husajiliwa na mikopo ya simu huchukuliwa kwa majina ya watu wasio na habari. Nilimwonyesha mwenye saiba kikaratasi kile. Alikitazama, akamtazama muuza njugu, akasema "Astaghfirullah" kwa sauti ya mtu aliyeona aibu kweli. Mara ya tatu na ya nne nilinunua njugu tena kwa makusudi, na zilikuwa zimefungwa kwa gazeti. Nimepunguza alama kwa kosa, na nimerudisha baadhi kwa jinsi alivyolichukua.

Mara ya nne ilikuwa ya kuchapisha barua ya kukubaliwa chuoni, fomu ya daktari na orodha ya mahitaji, na hapo huduma ilikuwa ya kawaida, isipokuwa jambo moja. Orodha ya chuo ilisema mwanafunzi aje na "vifaa binafsi". Mzee yule alichukua biro akaviandika kando: godoro uliza kwanza kama lipo, kufuli mbili, ndoo yenye mfuniko, chandarua, nakala tano za kila cheti, na shilingi elfu moja iliyofichwa mbali na nyingine. Nilipomwuliza ameyajulia wapi, kwa kuwa nilikwisha kufahamu kwamba yeye mwenyewe hakufika chuo, alisema kila Septemba huwauliza walioenda mwaka uliotangulia walikosa nini.

Kwa anayetaka kwenda, duka hufunguliwa saa mbili asubuhi na hufungwa baada ya Isha. Ijumaa hufungwa kuanzia saa sita hadi saa nane mchana, na msimsumbue muuza njugu kumwuliza mwenyewe yuko wapi. Siku nzuri ni Jumanne au Jumatano kabla ya Adhuhuri, kwa sababu baada ya hapo wanafunzi wa sekondari hujaa kuchapisha kazi za shule na feni ile haiwatoshi. Nendeni na cheti cha kuzaliwa, slipu ya KCSE, vitambulisho vya wazazi wote wawili au cheti cha kifo cha aliyefariki, simu iliyo na chaji, na pesa ndogo ndogo, kwa kuwa chenji huwa hana. Mzazi anayefanya biashara yake mwenyewe aende yeye, asimtume mtoto peke yake. Kozi mwichague nyumbani kabla ya kufika.

Kati ya nyota tano ninampa nne. Ya tano ataipata akibandika bei.